Gunia Lenye Homa

Meneja alinipa mimi karatasi ile kwa sababu ndimi msomi wa ghala. Ndivyo alivyoniita, "msomi wetu," nusu anatania, nusu anamaanisha, maana alishasikia kwamba jioni tatu kwa wiki navua aproni, namfunga mwanangu Kibonge mgongoni na kwenda kusoma baiolojia na hesabu pamoja na watu wazima wenzangu.

"Mama Kibonge," akasema, "makao makuu wanataka kujua kila mtu hapa anafanya kazi gani. Ya mashine nimeshaandika mwenyewe. Hapa kwenye chekeche mko wawili. Andika yako, andika na ya Shangazi. Mistari miwili mitatu. Usiniandikie insha."

Akaondoka, na viatu vyake vikaacha alama nyeusi kwenye unga uliomwagika sakafuni.

Kazi yetu ilikuwa hii. Mahindi yanakuja kwa magunia na kupangwa ghalani, hadi karibu na dari. Yanatoka ghalani kwenda kwenye mashine. Unga ukitoka kwenye mashine unaletwa kwetu, chumba cha pembeni chenye meza ndefu na chekeche ya waya yenye mishikio pande mbili. Mimi nashika huku, Shangazi anashika kule, tunatikisa. Unga unapita, juu panabaki pumba, chenga, na vidudu vyekundu vidogo kuliko ufuta vinavyokimbia huku na huko kama vimechelewa mahali. Tunavitupa, tunamimina unga mwingine.

Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale. Aliitwa hivyo tangu mashine ya kwanza, na mimi nikamkuta ameshaitwa. Siku nilipokuja kuomba kazi, Kibonge alikuwa na miezi minne na analia kama amelipwa kulia. Meneja akasema pale si mahali pa watoto. Shangazi akamchukua Kibonge mikononi mwangu bila kuomba ruhusa, akamwambia meneja, "Huyu mama mchukue. Mtoto nitamlaza kwenye magunia matupu, na akikusumbua nifukuze mimi." Kibonge akalala palepale. Sasa ana mwaka na nusu, anatembea kama mlevi, na mpaka leo akisikia harufu ya gunia anasinzia.

Kwa hiyo nilimpenda Shangazi, nisifiche. Na kwa sababu nilimpenda, kuna jambo lake nilikuwa namfichia.

Kila siku, tukishakunywa chai ya saa nne, Shangazi alikuwa anaacha chekeche na kuingia ghalani. Anafungua mdomo wa gunia, anazamisha mkono mpaka juu ya kiwiko, anaegemea, anafumba macho. Anakaa hivyo kidogo, anafunga, anakwenda gunia la pili. Saa nzima, siku nyingine saa mbili. Mimi nilijua ni uzee. Nilijua bega linamuuma na amepata pa kulipumzisha mahali ambapo hapana mtu wa kumwona. Basi nikawa natikisa chekeche peke yangu kwa mishikio yote miwili, na meneja akipita akauliza, "Shangazi yuko wapi?" namjibu, "Kaenda chooni mara moja." Nadhani meneja aliamini Shangazi ana kibofu cha mtoto mchanga.

Nilipoketi na ile karatasi nilifikiria hilo tu. Wasije wakajua. Nikaandika:

Mimi: nachekecha unga. Chumba cha chekeche, meza ya dirishani, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi.

Shangazi: anachekecha unga. Chumba cha chekeche, meza ya dirishani, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi.

Nikasoma mara mbili. Nikaona nimemfunika vizuri, kama unavyomvutia mtoto shuka usiku wa baridi, hata kidole cha mguu hakionekani. Nikaipeleka.

Kesho yake meneja akatuita wote wawili. Alikuwa ameshika karatasi yangu.

"Kazi moja," akasema. "Chumba kimoja, meza moja, saa zilezile. Kila kitu kimoja. Sasa nawaambia nini makao makuu? Hapa mmoja anatosha. Shangazi, umetumika sana, na umri nao umekwenda. Mwisho wa mwezi upumzike."

Shangazi akanyoosha mkono, apewe karatasi.

Shangazi hajui kusoma. Aliipokea karatasi, akaitazama ikiwa kichwa chini miguu juu.

"Nani kaandika?"

"Mimi, Shangazi."

Akaitazama tena, akairudisha mezani taratibu.

"Una mwandiko mzuri," akasema, akatoka.

Nikamwambia meneja kwamba nimekosea, kwamba sivyo. Akauliza, "Sivyo vipi?" Sasa nitasema vipi? Niseme hachekechi muda wote, anaegemea magunia? Meneja si mtu mbaya. Akaniambia, "Kama kuna la kuongeza, ongeza kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini liwe la kweli, mama. Nitakuja kuliangalia kwa macho yangu."

Zilibaki wiki tatu.

Jioni ile nilikwenda darasani kichwa kimejaa nyuki. Mwalimu wetu ni mtu mfupi, mchana anafundisha watoto na jioni anatufundisha sisi, na anasema watoto wanauliza maswali machache zaidi. Aliandika ubaoni: nafasi ya kiumbe katika mazingira. Akauliza maana yake.

Kinyozi, anayekaa dawati la mbele yangu, akajibu haraka, "Ni mahali anapoishi."

"Hapana. Hayo ni makazi. Nafasi ni zaidi ya hapo. Nataka kujua anakula nini na anakipataje. Anatoka saa ngapi. Anavumilia joto kiasi gani. Nani anamla yeye. Akiondoka, nini kinaharibika na nani anakosa chakula. Chukua mti mmoja. Ndege huyu anakula matunda ya juu. Yule anadonoa magome kutafuta funza. Popo anangoja jua lizame ndipo aje. Makazi yao ni mti uleule mmoja. Nafasi zao ni tatu."

Nikaandika. Nikapiga mstari chini ya "akiondoka", sijui kwa nini.

"Sasa sikilizeni," mwalimu akaendelea. "Spishi mbili zikitegemea kitu kilekile, kikiwa haba, mahali palepale, kwa namna ileile, haziwezi kukaa pamoja siku zote. Moja itaizidi nyingine, na ile iliyozidiwa itatoweka hapo, au itabadilika ipate namna yake ya kuishi."

Mkono wangu ukapanda wenyewe. "Mwalimu, hata kama wanapendana?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kibonge mgongoni akashtuka, akacheka naye bila kujua kicheko ni cha nini, hapo wakacheka zaidi.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," kinyozi akasema kama anafunga mjadala. "Wazee walishasema, mwalimu. Sisi tunarudia tu."

"Methali nzuri, mfano mbaya," mwalimu akamjibu. "Fahali na fahali ni spishi moja. Mimi nazungumzia spishi mbili."

"Kwa hiyo mafahali wanaweza kukaa?"

"Sijasema hivyo."

"Sasa umesema nini?"

Mimi nilikuwa upande wa kinyozi, yaani sikuelewa. Kila nilipodhani nimelishika jambo, lilikuwa limeshatoka upande wa pili. Tulipewa kazi ya wiki mbili: kila mtu atafute viumbe wa aina mbili wanaoishi mahali pamoja, awachunguze, aseme kama nafasi yao ni moja au ni mbili, na amejuaje.

Watu walipotoka nikabaki mlangoni.

"Mwalimu, na watu je? Wawili wakifanya kazi moja mahali pamoja?"

"Watu wote ni spishi moja, Mama Kibonge. Hii si kanuni ya kuamulia watu."

"Lakini meneja wetu ameamua hivyohivyo."

"Meneja wako hajasoma kwangu," akasema, akafuta ubao.

Viumbe wangu sikuwatafuta mbali. Siku iliyofuata nilitoka kazini na kikopo cha wadudu. Wapo wa aina mbili pale. Wale wekundu wa kwenye unga, na wengine ambao kila mtu anawaita fukusi, weusi kidogo, wana pua ndefu kama wanataka kunusa mambo yasiyowahusu. Nikaosha chupa tatu za jemu, nikazijaza mahindi mazima, makavu, niliyoyachagua punje moja moja yasiwe na tundu wala ufa. Chupa ya kwanza nikaweka wekundu peke yao. Ya pili fukusi peke yao. Ya tatu nikawachanganya. Nikafunga midomo kwa kitambaa, nikazipanga juu ya rafu ambako Kibonge hafiki.

Baba Kibonge alirudi kutoka kazini, yeye ni fundi rangi, akasimama mbele ya rafu na rangi ya kijani kwenye nyusi.

"Mke wangu. Watu wanawatoa wadudu nyumbani. Wewe umewaleta na kila mmoja umempa chumba chake?"

"Ni masomo."

"Sawa. Wakianza kudai umeme, watalipa wenyewe."

Kila jioni nilimbeba Kibonge tukaangalia pamoja. "Dudu," anasema. "Ndiyo, dudu. Wamefanya nini leo?" "Dudu." Kusema kweli mimi mwenyewe sikuwa na la zaidi. Siku ya tano chupa zote zilifanana. Siku ya tisa, chupa ya fukusi ilikuwa na vumbi jeupe chini. Niliitikisa nikaona punje zimetobolewa vitundu, safi kama vya msumari. Chupa ya wekundu peke yao haikuwa na vumbi kabisa. Mahindi yalikuwa vilevile nilivyoyaweka, na wekundu walikuwa wanapanda na kushuka juu yake, wamezungukwa na chakula wasichoweza kukiuma. Siku ya kumi na mbili, wengine walikuwa wamelala chali. Lakini kwenye chupa ya mchanganyiko, wekundu walikuwa wamezama kwenye vumbi na chenga, wanene, hawana habari.

Nikakaa kwenye kochi na Kibonge mapajani.

Kumbe mwekundu hawezi kufungua punje nzima. Fukusi ndiye anayeitoboa, na mwekundu anakula kilichomwagika. Chupa moja, mahindi yaleyale, kazi mbili. Nikaandika hivyo. Kisha nikajiuliza kama wanagombana au wanasaidiana, au hawajuani kabisa, na hapo nikapotea tena. Mwalimu aliposoma daftari langu wiki ile, aliandika chini kwa wino mwekundu: "Umeelewa nusu. Nusu yenyewe ni nzuri." Hata hilo sikuelewa kama ni sifa.

Kwa Shangazi mambo yalikuwa baridi. Aliniitikia salamu, alishika mshikio wake wa chekeche, na Kibonge alimbeba kama kawaida, maana mtoto hana kosa. Lakini hadithi zake zilikwisha. Saa nne ikifika anainuka, anaingia ghalani. Zamani nilikuwa nageuza uso nisimwone, kwa heshima. Sasa nikaanza kumtazama. Kama niliweza kukodolea macho chupa za jemu siku kumi na mbili, iweje mtu mzima nifanye kazi naye mwaka mzima nisimwangalie hata mara moja?

Siku ya kwanza niliona kwamba haegemei gunia lolote tu. Anaanza pembeni, ukutani, anakwenda kwa mstari, na gunia aliloligusa jana leo analiruka. Siku ya pili niliona kwamba baadhi ya magunia akiyafunga, anaacha fundo la ziada kwenye mkia wa kamba. Mengine haachi. Siku ya tatu akanigeukia bila kufumbua macho.

"Mama Kibonge, mimi ni fukusi?"

"Shangazi?"

"Unanichungulia. Umekwisha kunifukuza, sasa unataka kujua nini? Nitaondoka na mguu gani kwanza?"

Machozi yalinitoka hapohapo, mimi ni mtu wa machozi ya karibu. Nikamwambia yote. Kwamba niliandika vile ili kumficha. Kwamba nilijua bega linamuuma na nilitaka wasijue anapumzika.

Akafumbua macho. "Bega la nani linauma?"

"Lako."

"Bega langu zima kama la punda! Nani kakwambia linauma?"

"Sasa... huwa unafanya nini humo?"

Alinitazama kama nimemuuliza maji ni kitu gani.

"Natafuta gunia lenye homa."

Sikuelewa. Akarudia polepole, kwa sauti ile anayomsemeshea Kibonge. Mahindi mazuri ukiingiza mkono ni baridi mpaka chini. Yakianza kuliwa kwa ndani yanapata joto, kabla tundu halijaonekana, kabla vumbi halijatoka. Joto dogo. Pengine upande mmoja tu. Ukilikuta unapiga fundo, gunia linatolewa nje likaanikwe juani na kupepetwa, kabla halijaambukiza jirani zake.

"Shangazi, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kila mtu si anajua?"

"Nani anajua?"

Akafikiria. Aliyemfundisha alishakufa. Akasema kwa mashaka, "Fundi anajua."

Nikaenda mashineni. Fundi mashine alikuwa na pamba masikioni, ikabidi nipige kelele. Akazima mota.

"Fundo? Ndiyo. Nikiona fundo, sipeleki kwenye mashine. Nalitoa uani."

"Unajua kwa nini?"

"Sijui. Nilimkuta mwenzangu anafanya hivyo, na mimi nikafanya. Kwani ni ya nini?"

Basi ndivyo hali yetu ilivyokuwa. Mmoja anapiga fundo akidhani wote wanajua maana yake. Mwingine anafuata fundo bila kujua maana. Na mimi, msomi wa ghala, namfichia mtu kazi yake nikidhani ni uvivu.

Jumapili, Kibonge amelala, nilichukua karatasi mpya. Nikaanza na Shangazi na kalamu ikakimbia. Anapima joto la magunia kwa mkono. Anatenga yaliyoanza kuliwa. Akiondoka, wadudu wataenea ghala zima kabla mtu hajaona kitu. Niliandika mistari kumi na miwili na kila mmoja ulikuwa wa kweli.

Kisha nikaandika "Mimi", nukta mbili, na kalamu ikasimama.

Mimi: nachekecha unga.

Na nini tena? Naondoa wadudu wekundu. Lakini wekundu wanaletwa na magunia yaliyotobolewa, na Shangazi akifanya kazi yake sawasawa, wanakuwa wachache. Kadiri yeye anavyofanya vizuri, mimi napungukiwa na kazi. Na chekeche ile mtu mmoja anaweza kuitikisa, nimefanya hivyo mwaka mzima. Ikiwa Shangazi atabaki, na makao makuu wanataka mmoja, basi mmoja ni yupi?

Niliiweka kalamu chini. Nilimtazama mtoto wangu amelala na kitako juu, nikafikiria miezi miwili tu iliyobaki niufikie mtihani, na njia ya kutoka kazini kwenda darasani ni dakika kumi kwa miguu, na mahali pengine pa kufanya kazi na mtoto sikupajua. Wema usizidi uwezo, wanasema. Lakini huu ulikuwa wema, au ilikuwa deni la kosa langu mwenyewe? Kuna saa nilisema nitaipeleka. Kuna saa nilisema nitaandika kwamba kupima joto tunafanya wote wawili. Kisha nikakumbuka kwamba uongo wa kuwafananisha watu wawili ndio uliotufikisha hapa.

Jumatatu nilimsomea Shangazi kabla sijaipeleka. Alisikiliza akiwa ameshika mshikio wa chekeche. Nilipofika kwenye mstari wangu mmoja, akasema, "Na wewe? Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo."

"Ukiipeleka hiyo, mwenzangu, utabaki na nini?"

"Sijui, Shangazi."

"Ichane."

"Sichani."

"Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Wewe una mtoto. Ichane, nakwambia kama mama yako."

"Mama yangu asingeniambia nichane kitu cha kweli."

"Mama yako simjui," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili akatabasamu, upande mmoja. "Haya, nenda. Lakini futa unga puani kwanza. Usije ukatetea watu na pua nyeupe."

Meneja alisoma mpaka mwisho. Akasoma tena. "Joto," akasema. "Kwa mkono." Akainuka, tukashuka naye ghalani. Alikunja mkono wa shati, akauzamisha kwenye gunia, akauzamisha kwenye la pili, la tatu.

"Yote sawa tu," akasema. "Sisikii kitu."

"Una mkono wa ofisini, bosi," Shangazi akamwambia. "Umezoea feni."

Fundi aliyekuwa anasikiliza mlangoni akacheka mpaka pamba ya sikio ikadondoka.

Meneja akataka uthibitisho. Akachagua mwenyewe gunia moja lisilo na fundo, na moja ambalo Shangazi alikuwa amelipiga fundo asubuhi ile. Kwa nje yalikuwa mapacha. Yakamwagwa uani kwenye turubai. La kwanza lilikuwa mahindi, basi. La pili nalo kwa juu lilikuwa mahindi mazuri tu, nikasema tumekwisha. Fundi akalichambua kwa koleo hadi kwenye yaliyotoka katikati, akaokota punje moja na kuivunja kwa jino, akaitema kiganjani. Ndani ya nusu ya punje palikuwa na funza mweupe, amejikunja, mnene kama kipande cha mshumaa. Kwa nje punje ile haikuwa na tundu. Akavunja nyingine. Na nyingine. Hatukuhitaji kuendelea.

Meneja akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo polepole.

"Shangazi, wewe hupumziki," akasema. "Nitawaandikia makao makuu leo."

Kisha akanigeukia. Uso wake ulikuwa na haya kidogo, kama mtu aliyetumwa na hajapenda alikotumwa.

"Sasa, Mama Kibonge. Kwenye chekeche wanataka mmoja. Shangazi kwa karatasi hii si wa chekeche tena, ni wa ghala. Kwa hiyo wa chekeche ni wewe, na kwa mwezi huu sina neno. Lakini mwezi ujao wanaleta chekeche ya mota, itafungwa palepale mashineni kwa Fundi. Ikija, hapo mezani patakuwa hapana mtu." Akanirudishia karatasi. "Umeandika mistari kumi na miwili ya mwenzako, wako mmoja. Nenda ukaandike wako vizuri. Usiniambie unakaa wapi. Niambie ukiondoka nini kitaharibika."

Nilimtazama. Sikumwambia kwamba hilo ndilo swali la mwalimu, neno kwa neno karibu. Nilitaka kumjibu, na nilipotafuta jibu nikakuta pale pa jibu ni peupe. Nikiondoka nini kitaharibika? Kibonge ataharibika, ningesema, lakini Kibonge si wa makao makuu. Nimefundisha watu wawili kujua maana ya fundo. Je, hiyo ni kazi, au ni jambo lililotokea mara moja likaisha? Sikuwa na huzuni hasa. Sikuwa na furaha hasa. Nilikuwa kama wale wekundu wa chupa ya kwanza, nimesimama juu ya punje nzima, naiona, sijui naiingilia wapi.

Meneja akapanda ofisini. Fundi akarudi kwenye mota yake. Kibonge alikuwa ameketi kwenye turubai, anachota mahindi kwa mikono miwili na kujimwagia kichwani.

"Mama Kibonge," Shangazi akaita kutoka ndani ya ghala. "Unalia au unafanya kazi?"

"Nafikiri."

"Kafikirie huku."

Nikaingia. Alikuwa amefungua gunia la mstari wa tatu, mkono wake umo ndani mpaka juu ya kiwiko. Akasogea kidogo kuniachia upande.

"Lete mkono. Siyo huo wa kalamu, huo umekauka. Wa kushoto."

Nikaingiza. Punje ziliupokea mkono wangu zikateleza, zikaubana taratibu pande zote. Nikafumba macho kama yeye. Mwanzoni nilisikia baridi tu. Kisha nikahisi kitu kama joto, upande wa ndani, karibu na vidole. Nikalifuata. Lilikuwepo. Lakini vidole vya Shangazi navyo vilikuwa hapohapo, shubiri moja kutoka kwangu, na sikuweza kujua joto ni la mahindi au ni la kwake.

"Haya, mwanangu. Lina homa au halina?"

Ningeweza kubahatisha. Nusu kwa nusu.

"Sijui, Shangazi."

"Vizuri," akasema, akautoa mkono wake akaniachia gunia peke yangu. "Ngoja joto langu lipoe humo, upime tena."